Idadi ya Mibofyo Si Ushahidi wa Matumizi

Chini ya gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, Kaunti ya Makueni ilifungua kumbukumbu ambazo serikali nyingi huzificha. Iliweka kandarasi zake mtandaoni: zabuni, jina la mkandarasi, ripoti za ukaguzi na za kamati za wananchi zinazosimamia miradi, hadi malipo. Sifa hiyo ni haki yake na hatuiondoi.

Ila kumbukumbu kuwekwa wazi ni jambo moja, kusomwa ni jingine. Ofisa atakayetuletea idadi ya mibofyo kama ushahidi wa kusomwa, hatutaipokea. Ukurasa mmoja wenye nembo, ramani na picha kumi huandikwa katika daftari la seva zaidi ya mara kumi. Roboti za Google hupita usiku na mchana zikinakili kurasa, nazo zimo katika hesabu. Karani anayepakia faili akiwa ofisini mjini Wote yumo. Mtafiti aliyeko London yumo, kwa uzito uleule wa mama wa Mbooni anayetaka kujua kisima cha kijiji chake kililipiwa shilingi ngapi. Watenganisheni hao kwanza.

Hesabu hiyohiyo hupunja pia. Simu nyingi za wateja wa kampuni moja ya mawasiliano huweza kuonekana kwa seva kama anwani chache tu. Na katika nchi ya mwethya, yaani kazi ya pamoja, ambako matuta na mabwawa ya mchanga hujengwa kwa mikono ya wengi, mjumbe mmoja wa kamati huweza kufungua hati kwenye simu yake akawasomea watu arobaini barazani. Seva itaandika mtu mmoja. Sensa ya 2019 ilikuta kwamba vijijini nchini Kenya ni asilimia 13.7 tu ya watu wa miaka 3 na zaidi waliotumia intaneti. Kwa hiyo msomaji huyo mmoja ana thamani kubwa, na anayepima matumizi bila kufika barazani hajapima.

Kitui, ng'ambo ya mto Athi, isidhani haya ni ya jirani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka kila taasisi ya umma ichapishe maelezo ya kandarasi inazotia saini, kiasi cha fedha kikiwemo, na izingatie lugha ya wenyeji na njia inayowafikia vizuri zaidi. Hati ya zabuni ya Kiingereza, kurasa mia moja, inayomlia mwananchi bando lake, haitimizi sharti hilo.

Uamuzi wetu ni huu. Kila robo ya mwaka, kaunti zote mbili zieleze ni miradi gani iliyotafutwa na haikupatikana, ni hati zipi zilizofunguliwa kutoka wadi zipi, na ni maswali mangapi ya barazani yaliyotokana na hati hizo. Zieleze pia maombi mangapi ya habari yalijibiwa ndani ya siku 21 za kisheria. Ripoti ya kwanza itoke kabla ya Aprili 30, siku ya mwisho ya makadirio ya bajeti kufikishwa katika bunge la kaunti, na ibandikwe kwa Kikamba katika wadi zote 30 za Makueni na 40 za Kitui.