Tunajua Sekunde za Kipchoge, Hatujui Nani Alipiga Besi

Ijumaa moja, katika klabu fulani ya Uganda Road hapa Eldoret, DJ aliweka wimbo wa Slim Ali na Hodi Boys. Kwa dakika tatu hakukuwa na mtu mwenye furaha kunishinda Sisibo nzima. Halafu DJ akashika maiki: "Hao ni Wamarekani wa kitambo, enzi muziki ulikuwa muziki!" Watu wakashangilia. Mimi nikapiga kelele, "Ni wa Mombasa!" Msee wa meza ya pili akanigeukia: "Buda, tulia. Ni ngoma tu."

Sikutulia. Mpaka leo sijatulia.

DJ simlaumu. Angejulia wapi? Slim Ali aliimba soul kwa Kiingereza, bendi yake ikapiga kama watu waliozaliwa Memphis, na ukiisikia bila kuambiwa utaipeleka Marekani moja kwa moja. Wa kulaumiwa ni sisi tunaojiita mashabiki. Tunapenda muziki kwa masikio na miguu, lakini kalamu hatugusi. Kisha tunalia kwamba historia yetu imepotea. Haikupotea, manze. Hatukuiandika.

Na usiniambie hatuna tabia ya kuweka kumbukumbu. Huu ni mji wa wakimbiaji. Simamisha mtu wa boda stendi yoyote umuulize Kipchoge alikimbia Berlin 2022 kwa muda gani. Atakujibu 2:01:09 akiwa anahesabu chenji. Atakuongezea Kiptum, Chicago 2023, 2:00:35, na atanyamaza kidogo kwa heshima ya marehemu. Sekunde tunazijua. Sasa muulize nani alipiga besi kwenye santuri yoyote iliyowahi kuchezwa nyumbani kwao. Muulize Kipchamba arap Tapotuk, ambaye mamake anamjua kwa moyo, alirekodi nyimbo ngapi. Kimya. Kericho hapo chini kuna jina la Chandarana, duka na studio iliyorekodi benga ya Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii kwa miaka mingi. Wangapi kati yetu wamewahi kupanda matatu kwenda kuuliza swali moja tu?

Mkimbiaji ana mtu wa saa pale kwenye utepe. Mwanamuziki wetu hakuwekewa mtu wa saa.

Kuna watu waliojiwekea wenyewe. Kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 60 na 70, vijana wa viwandani walipenda soul ya Marekani ambayo Marekani yenyewe ilikuwa imeitupa. Walicheza usiku kucha, kwanza Twisted Wheel kule Manchester, baadaye Wigan Casino kuanzia 1973 hadi 1981. Lakini hawakucheza tu. Waliandika. Jina lenyewe, Northern Soul, halikutoka kwa kampuni ya muziki. Lilienezwa na shabiki mmoja, Dave Godin, kupitia safu yake katika jarida la Blues & Soul mwaka 1970. Wengine wakatoa vijarida vyao vya kupiga taipu na kubana stepla: namba ya santuri, nani aliimba, nani alitunga, upande wa pili una nini. Frank Wilson alirekodi wimbo mmoja Motown mwaka 1965, nakala karibu zote zikaharibiwa. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Bei hiyo ilitokana na watu waliokuwa wameandika kwamba kitu hicho kipo.

Na sisi? Sisi tulingoja. Mwaka 2013 lebo ya Uingereza, Soundway, ikatoa mkusanyiko wa Kenya Special, nyimbo zetu za miaka ya 70 na 80. Kazi nzuri, niliisikiliza mpaka majirani wakagonga ukuta. Lakini inauma kusoma habari za bendi za nchi yako kwenye karatasi iliyochapishwa ng'ambo. Mzungu hakuiba kitu hapo. Alikuta mlango wazi na wenye nyumba wamelala.

Mimi nimejaribu kuamka. Chuo niliachia mwaka wa tatu, karo iligoma, na tangu hapo naandika vya watu kwa malipo ya mpesa. Mwaka jana nilianza kijarida changu cha soul na benga. Waingereza wangekiita fanzini, na ndiyo, najua neno hilo linaishia na nini kwa Kiswahili. Mama pia aliuliza. Basi nakiita kijarida. Kurasa 12, karatasi tatu za A4 zilizokunjwa, fotokopi shilingi tano kila upande. Nakala moja ni shilingi 30, nakala 40 ni 1,200. Nauza 50. Toleo la kwanza niliuza 23, nikapata 1,150. Kwa hiyo nilipoteza hamsini. Nimewahi kupoteza zaidi kwa mkeka wa mpira.

Watu huniambia, "Si uweke kwa simu tu? Nani anasoma karatasi?" Sawa, weka pia kwa simu. Lakini mimi nimepoteza simu mbili na akaunti moja, na kila kilichokuwemo kilienda. Halafu simu inakuchagulia wimbo, haikuambii nani aliupiga. Inakupa jina moja na picha. Mpiga besi hana picha.

Katika toleo la kwanza nilikosea jina la mpiga gita. Wiki tatu baadaye mzee anayeshona viatu karibu na soko alinitumia mjumbe niende. Alikuwa na kijarida changu, ameweka mstari wa bic nyekundu chini ya kosa. "Kijana, huyu hakuwa yeye. Nilikuwepo." Nikakaa pale kwenye kigoda mpaka saa kumi na mbili jioni. Alipiga besi kwenye mahoteli miaka minane, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Jina lake? Nunua toleo la pili.

Kosa langu lilimtoa mzee wa miaka sabini na kitu kwenye kimya. Ningesubiri niwe mtaalamu, mwenye digrii, ningekuwa bado nasubiri.

Sasa nikuambie kwa nini jambo hili nimelishikilia hivi. Mjomba wangu alikuwa na santuri zaidi ya mia mbili, nyumbani kwake Langas. Otis Redding, Aretha, Matata, Hodi Boys, zote kwenye kabati moja. Nilijifunza kusoma kwa kusoma lebo zake. Januari 2008 nyumba ile iliungua na kila kitu ndani. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka tukipita baadaye, na mjomba hakushuka kwenye gari.

Kilichobaki ni daftari. Alikuwa amemwazima jirani, aliyetaka kunakili majina. Kaunta buku ya jalada gumu, kila santuri kwenye mstari wake: mwimbaji, namba, duka, bei, na pembeni neno moja au mawili. Kwenye mstari wa Hodi Boys ameandika: "Mombasa. Niliwaona kwa macho." Ndivyo nilivyojua cha kumpigia DJ kelele. Muziki uliteketea, mjomba alifariki miaka minne iliyopita, na mimi bado naweza kusema yule si Mmarekani, kwa sababu mtu mmoja aliyefanya kazi ya stoo alijisumbua kuandika maneno manne.

Kwa hiyo tusidanganyane na zile usiku za old is gold. Kuvaa shati la babu na kupiga picha karibu na gramafoni iliyokufa si kupenda muziki. Ukitaka kumpenda huyo babu, muulize. Ulicheza wapi? Nani alikuwa kwenye ngoma? Kiingilio kilikuwa pesa ngapi? Kaunta buku si ghali kama bia mbili. Andika vibaya, andika kwa Sheng, andika kwa Kinandi, kosea majina. Mwenye jina akiwa hai atakuja na bic nyekundu.

Yule mzee wa viatu ana kikohozi ambacho hakinifurahishi. Jumanne nitakuwa kwa kigoda chake tena. Wewe utakuwa kwa nani?