Hundi ina saini mbili, programu je?

MWEKEZAJI anayetaka kununua hisa hukagua faida, gawio na madeni ya kampuni. Ni wachache wanaouliza mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyo wanashirikiana vipi kazini. Yaliyoipata Knight Capital ya Marekani yanaonyesha kuwa hilo nalo ni swali la fedha.

Knight ilikuwa miongoni mwa mawakala wakubwa wa hisa nchini humo. Mwishoni mwa Julai 2012 iliweka programu mpya katika seva zake nane. Fundi aliyepewa kazi hiyo aliiruka seva moja. Humo ilibaki programu ya zamani ambayo kampuni ilikwisha kuacha kuitumia tangu 2003.

Agosti 1, soko lilipofunguliwa saa 3:30 asubuhi, seva hiyo ilianza kumwaga maagizo bila kikomo. Kwa muda wa dakika 45 hivi, maagizo 212 ya wateja yalizaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni 4 katika hisa za aina 154. Hasara ilizidi dola milioni 460. Siku chache baadaye wawekezaji wapya waliingiza dola milioni 400 kuiokoa kampuni, na sehemu ya wanahisa wa zamani ikapungua mno. Mwaka 2013 Knight iliunganishwa na Getco.

Oktoba 2013, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, SEC, iliitoza Knight faini ya dola milioni 12. Tume iligundua kuwa hakuna fundi wa pili aliyekagua kazi ya yule wa kwanza, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kudai hivyo. Aidha, barua pepe 97 zilizotaja hitilafu zilitumwa ndani ya kampuni kabla ya soko kufunguliwa, lakini hazikufanyiwa kazi. Mbaya zaidi, katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya katika seva saba zilizokuwa nzima, na tatizo likaongezeka.

Njia za kushirikiana si haba. Tangu wataalamu 17 walipokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kutoa tamko la mtindo wa ajaili, yaani kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi, timu nyingi zimezizoea. Wapo wanaokaa wawili kwenye kompyuta moja. Wapo ambao kazi ya mmoja haipiti mpaka mwenzake aikague. Wengine hufanya kikao cha dakika 15 kila siku.

Kila njia ina gharama yake. Wawili kwenye kompyuta moja ni mishahara miwili, na ukaguzi huchelewesha kazi. Ndiyo maana timu nyingi hushika kikao cha asubuhi, kilicho rahisi, na kuacha ukaguzi.

Huo ni uchaguzi mbaya. Njia ya kushirikiana ichaguliwe kwa kuangalia hasara inaweza kutokea wapi. Kubadili rangi ya ukurasa kunaweza kuachiwa mtu mmoja. Lakini programu inayogusa fedha za wateja haifai kuingia kazini bila jicho la pili, na lazima awepo mtu wa kusoma maonyo na mwenye amri ya kuzima mtambo.

Watakaosema kampuni ndogo haimudu gharama hiyo wakumbuke kuwa hata chama kidogo cha akiba na mikopo hudai saini mbili kwenye hundi.

Soko la Hisa la Nairobi lilihamia kwenye kompyuta mwaka 2006, na leo hata mwenye duka huagiza programu ya mauzo. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu wa mwaka, au kabla ya kulipa malipo ya awali, aulize: nani hukagua kazi ya fundi kabla haijagusa fedha zangu? Asipopata jibu, afadhali fedha zake zibaki mfukoni.