Sinywi Dawa, Msinipigie Makofi

Nina ADHD na siku hizi sinywi dawa. Kila nikisema hivyo hakosi mtu wa kunipongeza, eti nimeishinda kwa nidhamu. Nidhamu ipi? Nina kengele tisa kwenye simu. Nina rafiki anayekuja kukaa mezani kwangu, kimya, mpaka nimalize ripoti. Akiondoka yeye, akili yangu nayo inamfuata. Tarehe ya kodi nimeiandika kwa chaki mlangoni, maana kichwani haikai. Yote hiyo ni mikongojo, na sijaona anayepewa tuzo kwa kutembelea mkongojo.

Dawa niliziacha kwa sababu zilininyima usingizi na hamu ya kula, na daktari akaafiki. Basi. Utafiti wa MTA wa mwaka 1999, uliofuatilia watoto 579 wa Marekani na Kanada kwa miezi 14, ulionyesha kuwa dawa zikisimamiwa vizuri hupunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Kwa hiyo mkinitolea mfano ili kumtisha mama anayemtafutia mwanawe dawa, mnanitumia vibaya. Kamhubirieni mwalimu anayemchapa mtoto huyo kwa kosa la kutazama nje dirishani.