Namba ya Injini Si Namba!

Niko Ndara, hapa karibu na Voi. Leo sina habari za simu mpya. Leo nina hasira, tena na watu wa fani yangu mwenyewe, yaani waandika programu. Nami nimo.

Mjomba wangu ana Hilux ya dizeli, kongwe, ya kubebea maji na nyanya. Mwaka jana iliunguza gasiketi ya silinda hedi. Fundi akafungua boneti, akatazama, akasema: "Hii ni 2L." Hakuinama kusoma chochote. Mjomba akatuma pesa Mombasa, kilomita 150 hivi kutoka hapa, gasiketi ikaja na basi. Haikufaa! Matundu yake yalikuwa madogo kuliko silinda.

Sasa sikilizeni. Injini za Toyota za ukoo wa L zinafanana kama mapacha. Lakini 2L ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 2446. 3L ni milimita 96 na ujazo 2779. 5L ni milimita 99.5 na ujazo 2986. Nani mwenye macho ya kuona milimita 4 kupitia chuma?

Nikachukua brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa. Nikasugua ubavu wa bloku, nikapaka chaki. Hapa msichanganye mambo: herufi zilizovimba zimetoka na kalibu kiwandani, na bloku nyingi huwa nazo sawasawa. Hizo zikupite. Zilizogongwa zikaingia ndani ya chuma ndizo za injini yako. Ikatokea 3L, kisha tarakimu saba, ya kwanza sifuri. Logibuku nayo ilikuwa ikisema hivyo hivyo miaka yote, imelala sandukuni!

Mtasema, "Fundi mbovu huyo." Ngojeni kwanza.

Gari likapona. Mjomba akaamua kuliuza apate karo ya binti yake wa sekondari. Mnunuzi akaja kutoka Mwatate, pesa mkononi, akaomba karatasi ya ukaguzi ya gereji. Gereji hiyo inatumia programu niliyoiandika mimi, mwenye digrii ya kompyuta. Karatasi ikatoka na namba ya injini yenye tarakimu sita. 3L haipo. Sifuri haipo. Mnunuzi akalinganisha na logibuku, akalinganisha na chuma, akasema, "Hili lina mambo," akaenda zake.

Kosa lilikuwa wapi? Neno "namba" lilinidanganya. Kwenye hifadhidata niliipa safu ile aina ya namba kamili. Ukiiambia kompyuta kwamba 0123456 ni namba, itakuhifadhia 123456, na kwa hesabu iko sahihi kabisa. Herufi nazo nilizizuia kwenye fomu kwa mkono wangu, eti watu wasikosee. Fundi alibahatisha mara moja, kwa gari moja. Mimi nilibahatisha kwa kila gari lililoingia gereji ile!

Ndugu zangu, kuna siku umewahi kujumlisha namba mbili za injini? Kuzigawanya je? Basi hiyo si namba, ni jina. Na jina la mtu huliandiki upendavyo wewe.

Wapo wenzetu wanaolazimisha herufi 17 kwenye kila kitambulisho cha gari. Hizo 17 ni za chasisi, si za injini. Tena magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo yamejaa barabara zetu, hata chasisi zake hazifiki 17. Fomu uliyoiga ng'ambo italikataa gari ambalo halina kosa lolote.

Ninachodai ni hiki. Safu ya namba ya injini iwe ya maandishi. Sifuri zibaki. Herufi zibaki. Pawe na nafasi ya picha ya ule mgongo wa chuma uliogongwa. Na programu ikitilia shaka, iulize. Isijirekebishie yenyewe kimyakimya.

Yangu nimeirekebisha, na magari ya zamani tunayasoma upya moja moja kwa tochi na chaki. Mnunuzi wa Mwatate hakurudi. Karo ililipwa kwa mbuzi wanne wa mjomba, na mjomba bado hajui kwamba kosa lilikuwa langu.

Akisoma hapa, atajua. Nawasilisha.