Tairi za Bei Nafuu na Dhamana ya Roho za Abiria

Yapo mambo ambayo mwananchi huyategemea kila siku bila ya kuyatupia jicho, na mojawapo ni tairi ya gari inayomchukua. Mkulima wa Makunduchi anayeleta mazao yake mjini, mwanafunzi wa Wete anayekwenda skuli Chake Chake, mtumishi wa Serikali anayewahi kazini kutoka Bububu, wote hao uhai wao umo juu ya mipira minne, na kila mmoja hugusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Kwa hivyo suala la tairi zipi zinauzwa katika visiwa vyetu, zina umri gani na zimefungwa kwenye gari za namna gani, haliwezi kuachwa baina ya dereva na mwenye duka peke yao. Ni suala la umma, na linastahiki kujadiliwa hadharani.

Ukikaa na madereva kwenye vituo vya gari, au kwa mafundi wa kuziba pancha, utakuta rai mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kwamba tairi iliyokwisha tumika Japani, yenye jina kubwa ubavuni, ni bora kuliko tairi mpya ya bei nafuu inayotoka China. Hao hutoa ushahidi wa tairi mpya waliyoifunga ikatoa uvimbe ubavuni kabla ya miezi mingi kupita. Wa pili husema kuwa kipya ni kipya, na wao wana ushahidi wao: tairi ya mitumba iliyokuwa na kashata nzuri ya kuvutia macho, ikabanduka yote mchana wa jua kali, gari ikiwa imejaa abiria. Pande zote mbili zinasema kweli juu ya yale yaliyowafika. Lakini sisi tunaona kwamba zote mbili zimeshika swali lisilokuwa la msingi. Zinauliza tairi imetoka nchi gani, ilhali yapo mambo manne yanayofaa kuulizwa kwanza: umri wake, hali ya hewa iliyotengenezewa, uzito inaoweza kuubeba, na namna inavyoshika barabara yenye maji.

Tuanze na umri. Mpira huzeeka hata ukiwekwa stoo. Jua, joto na hewa huukausha, ukapasuka ndani kwa ndani, na nguvu inayoshikanisha matabaka yake ikapungua. Mwezi wa Septemba 2012, huko Surrey nchini Uingereza, basi la abiria lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi ya mbele, likaacha njia, na watu 3 wakapoteza maisha. Uchunguzi ulionesha kwamba tairi ile ilikuwa na umri wa miaka 19, yaani iliwazidi umri baadhi ya abiria waliokuwemo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kashata yake ilikuwa haijesha, na mtu aliyeitazama kwa juu juu asingeona sababu ya kuikataa. Wazazi waliofiwa walidai sheria kwa miaka mingi, na kuanzia tarehe 1 Februari, 2021 nchi hiyo ikapiga marufuku tairi zilizozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye tairi za mabasi madogo zilizofungwa moja moja. Basi dogo la huko ni ndugu wa gari zetu za abiria.

Umri wa tairi hausomwi kwa macho ya kukisia. Umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi na tarakimu unaoanzia na DOT. Tarakimu 4 za mwisho ndizo tarehe: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 3514, tairi hiyo imetoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Penye tarakimu 3 tu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hiyo haina mahali pake juu ya barabara yoyote. Elimu hii ni ndogo, haihitaji chombo wala chuo, na kila abiria anayejua kusoma nambari anaweza kuitumia.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Katika nchi za baridi, watu huwa na tairi za kiangazi na tairi za theluji. Tairi za theluji hutengenezwa kwa mpira laini ili usigande joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Sisi katika visiwa hivi, iwe kaskazi au kusi, hatujui baridi ya namna hiyo. Tairi inayotufaa mwaka mzima ni ile ambayo wenzetu huiita ya kiangazi. Hata hivyo, gari nyingi tunazoagiza zimetumika Japani, na sehemu za kaskazini ya Japani zina theluji nyingi. Ndipo tairi zilizotengenezewa barafu zinapojikuta juu ya lami yetu wakati wa jua la utosi. Mpira wake hulainika mno, huliwa upesi, na gari huyumba kwenye kona na huchelewa kusimama. Dereva anayelalamika kwamba tairi yake ya Japani imekwisha kabla ya wakati huenda amefunga tairi ya theluji bila ya kujua. Alama zake ni picha ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS ubavuni.

Jambo la tatu ni uzito, na hapa ndipo penye hatari kubwa kwa gari zetu za abiria. Tairi ya gari ndogo ya kawaida, ya kipimo cha 195/65 R15, mara nyingi huwa na nambari 91, ambayo maana yake ni kubeba kilo 615 na si zaidi. Tairi ya gari ya kazi ya kipimo cha 195 R15C yenye nambari 106 hubeba kilo 950 ikifungwa moja moja. Ringi ya inchi 15 huzipokea zote mbili, na jicho lisilozoea halioni tofauti. Lakini hesabu ni nyepesi. Tairi 4 za aina ya kwanza hubeba jumla ya kilo 2,460, na 4 za aina ya pili kilo 3,800. Gari ya abiria inayokaribia tani 2 ikiwa tupu, ikapakia watu 16 wa kilo 65 kila mmoja, imeshafika kilo 3,000 kabla ya kuhesabu magunia na ndoo za samaki. Atakayefunga tairi ya gari ndogo kwa sababu bei yake ni ya chini, basi tangu asubuhi ameshaitwisha mzigo usio wake. Ukichanganya na upepo mdogo, ubavu wa tairi hukunjwa na kukunjuka kila mzunguko, joto hupanda, matabaka huachana, na matokeo yake huitwa ajali ya bahati mbaya.

Jambo la nne ni maji. Sisi tuna masika na vuli, na mvua zetu huangusha maji mengi kwa muda mfupi. Kazi ya mifereji ya tairi ni kuyapisha maji hayo ili mpira uishike lami. Mifereji ikifutika, gari huelea. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kina cha mwisho kinachoruhusiwa. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, hupima tairi za kiangazi kila mwaka, na aghlabu tairi za bei ya chini huonekana si mbaya kwenye barabara kavu, kisha hushindwa barabara inapolowa. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2012 kulazimisha kila tairi mpya ya gari iuzwe ikiwa na karatasi inayoonesha daraja lake la kushika barabara yenye maji. Kwa gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa, tofauti ya masafa ya kusimama baina ya daraja la juu na la chini huweza kufikia mita 18, sawa na urefu wa gari ndogo nne zilizopangwa foleni. Mtoto anayevuka barabara mbele ya skuli amo ndani ya mita hizo.

Wala isidhaniwe kwamba jina kubwa peke yake ni kinga. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilizirejesha tairi milioni 6.5 nchini Marekani baada ya kashata zake kubanduka gari zikiwa katika mwendo, na vifo zaidi ya 200 vikahusishwa nazo, wingi wake katika majimbo ya joto. Kwa upande mwengine, zipo tairi mpya za bei ya wastani ambazo, zikiwa na uzito sahihi na upepo sahihi, humtumikia dereva kwa amani. Kwa hivyo rai yetu ni hii: tairi mpya ya bei nafuu iliyo sahihi kwa gari yake ni salama kuliko tairi kongwe yenye jina. Na iliyo kongwe au isiyo sahihi haiwi nafuu hata ikitolewa bure.

Sasa tuulize kwa nini dereva, ambaye naye ana wake na watoto wanaomngojea nyumbani, huchagua tairi mbovu. Dereva wa gari ya abiria kwa kawaida si mwenye gari. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, hulipa mafuta, humpa utingo sehemu yake, na kinachobakia ndicho riziki yake. Tairi ikipasuka saa 4 asubuhi, hana akiba ya kununua mpya. Hununua ile ambayo fedha za mfukoni zinaifikia, ili gari isilale na hesabu isipungue. Kumtoza faini dereva huyo na kumwacha tajiri aliyekataa kununua tairi, pamoja na mfanyabiashara aliyeiingiza tairi ya miaka 12 akaipaka dawa ya kung'arisha, ni kuitibu homa kwa kuikemea. Katika mafundisho ya dini tuliyoyasoma chuoni tangu utotoni, mwenye kuuza kitu chenye kasoro akaificha amefanya ghishi, na mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Hukumu hiyo ya haki inakwenda sambamba na wajibu wa Serikali wa kumlinda mtumiaji wa bidhaa.

Wapo wanaopendekeza tairi zote zilizotumika zipigwe marufuku. Hoja yao ina uzito, hasa kwa nchi ya visiwa. Tairi inayoingia ikiwa imebakiwa na miezi michache huwa taka karibu mara tu baada ya kuuzwa, na ardhi yetu ni ndogo. Tairi zilizotupwa hukusanya maji, na humo huzaliana mbu wa homa ya dengi, maradhi yaliyosumbua Tanzania mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Brazili ilitumia hoja ya afya kama hiyo kutetea katazo lake mbele ya Shirika la Biashara la Dunia, na mwaka 2007 ikakubaliwa kwamba afya ya watu ni sababu ya haki, ingawa nchi hiyo ililaumiwa kwa kulitekeleza katazo lenyewe kwa upendeleo. Funzo hapo ni kuwa sheria yenye mianya kwa baadhi ya watu hujidhoofisha yenyewe.

Hata hivyo, katazo bila ya njia mbadala huzaa magendo, na bahari yetu ina madau mengi na bandari bubu nyingi. Tukumbuke pia kwamba viwanda vya karibu yetu vimetoweka mmoja baada ya mwengine. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 Serikali ikiwa na hisa nyingi, kilisimama kabla ya mwaka 2010. Kile cha Nairobi kilichokuwa cha Firestone, na baadaye cha Sameer, kiliacha kutengeneza tairi mwaka 2016 kwa kushindwa na bidhaa rahisi za nje. Madhali tunaagiza, hapana budi tuagize kwa macho yaliyofunguka.

Kwa hivyo tunashauri mambo matano. Kwanza, Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, iweke tarehe ya kutengenezwa kuwa sharti la kwanza la kila tairi inayoshuka bandarini, ikiwa ni pamoja na zile zilizofungwa kwenye gari. Pili, wakaguzi wa magari na askari wa usalama barabarani wasiishie kwenye kashata, taa na breki. Wasome pia nambari ya uzito na tarehe. Tatu, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara isimamie kila duka liandike kwenye risiti mwaka wa tairi na uzito wake, ili mnunuzi aliyedanganywa awe na hoja mkononi. Nne, kosa la tairi mbovu kwenye gari ya abiria limfikie mwenye gari kabla ya kumfikia dereva. Tano, vyama vya madereva vianzishe ushirika wa kununua tairi mpya kwa jumla na kuwakopesha wanachama wao, walipe kidogo kidogo kutokana na hesabu ya kila siku.

Aidha, ipo haja ya kutazama upya kodi zinazotozwa tairi za gari za abiria zilizokidhi viwango. Ushuru wa forodha unapangwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hivyo hoja hiyo hapana budi ipelekwe huko na wawakilishi wetu, ikiwa imeandaliwa kwa hesabu zilizo wazi.

Masika huja kila mwaka na tarehe yake inajulikana. Si haki kusubiri gari iteleze ndipo itafutwe nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Nambari hiyo ipo leo, katika kila kituo cha gari Unguja na Pemba, na wenye dhamana ya kuisoma wanalipwa na wananchi kwa kazi hiyo.