Tope Halipimwi kwa Haraka

Mvua kubwa zikinyesha katika nyanda za juu za Kenya, Mto Athi huzoa udongo wa mashamba, hubadilika jina kuwa Galana, na mwishowe huumwaga baharini kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Maji ya pwani huwa ya kahawia. Wanaolinda matumbawe hutaka kujua tope hilo litatua wapi, na jibu limo katika ukubwa wa chembe: mchanga hutua karibu na mlango wa mto, ilhali mfinyanzi huweza kuchukuliwa mbali na mikondo.

Chekecheo hutenga chembe hadi kiasi cha maikromita 63. Zilizo ndogo zaidi hupimwa kwa kuachwa zizame, kwa kanuni aliyoitoa George Gabriel Stokes mwaka 1851: kasi ya kuzama hulingana na mraba wa kipenyo. Katika maji ya nyuzi 20, chembe ya maikromita 63 hushuka sentimita 10 kwa nusu dakika hivi. Ya maikromita 2 huchukua karibu saa nane nzima. Fundi huondoa mboji kwa haidrojeni peroksaidi, huachanisha chembe zilizoshikana kwa sodiamu heksametafosfeti, hukoroga silinda ya lita moja, kisha huvuta sampuli kwa pipeti kwenye kina na wakati uliopangwa, aikaushe na kuipima uzito.

Kazi hii inadai kipimajoto. Mnato wa maji ya nyuzi 30 ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko wa nyuzi 20, hivyo zile saa nane huwa sita na ushei. Maabara ya pwani isiyo na kiyoyozi, ikifuata jedwali la nyuzi 20, itavuta sampuli wakati sehemu ya mfinyanzi imekwisha kupita kina hicho. Asilimia itakayoandikwa itakuwa ndogo kuliko ilivyo kweli, hata kama fundi ni hodari kiasi gani.

Mashine za leza hutoa jibu kwa dakika chache, na hakuna sababu ya kuzikataa. Lakini chembe za mfinyanzi ni bapa, nayo leza huziona kubwa kuliko zinavyojionyesha zikizama. Mwaka 1997 Konert na Vandenberghe walionyesha kwamba mpaka wa maikromita 2 wa pipeti ulilingana na takriban maikromita 8 za leza. Anayelinganisha takwimu za zamani za pipeti na za leza za leo bila kusahihisha tofauti hiyo anaweza kutangaza mabadiliko ya mto ambayo hayakutokea.

Pipeti nayo ina mipaka yake. Stokes alihesabu kwa tufe, na dawa ya maabara huvunja mabonge ambayo chumvi ya bahari huyaunda. Mabonge hayo hutua upesi kuliko chembe mojamoja, kwa hiyo anayechunguza tope la Sabaki hana budi kulipima pia katika maji ya bahari yenyewe.

Kuanzia toleo hili, kila makala yataje njia ya upimaji, halijoto ya maji, dawa iliyotumika na mpaka wa mfinyanzi: maikromita 2 za wataalamu wa udongo, au 4 za wanajiolojia wanaofuata kipimo cha Wentworth cha mwaka 1922. Yatakayokosa hayo yatarudishwa kwa waandishi kabla ya kufika kwa wahakiki.