Bosi Yuko Dar, Kazi Iko Newala: Kamera ya Nini?

Kuna dada mmoja Newala aliyeiaga Dar es Salaam bila kufukuzwa na mtu. Mama yake aliugua, akaomba ofisi imruhusu ahame na kompyuta yake. Bosi akakubali. Kazi yenyewe ni hesabu na kujibu wateja, inafanyika popote penye umeme na bando. Wiki ya tatu mizinguo ikaanza. Bosi akataka kamera iwake tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, amwone amekaa. Bando la mwezi likaisha siku ya tisa, tena la pesa yake mwenyewe. Kazi zote zilikuwa zimeisha, lakini barua ya onyo ikaja.

Upande wa pili yupo kaka mmoja wa Masasi, anatengeneza matangazo ya duka fulani la Dar. Huyu naye balaa. Akitafutwa, jibu ni lile lile: "Mtandao unasumbua." Jioni hiyo hiyo picha zake zinapanda, yuko na washkaji, nyama choma mezani. Hapo mtandao haujasumbua hata kidogo. Bosi wake akiwaka, nani atamlaumu?

Ndiyo maana mabosi wengi wanaamini fimbo ya mbali haiui nyoka, wanakimbilia kamera. Lakini kamera inaonyesha mtu amekaa tu. Haionyeshi kazi imeisha.

Ajabu ni kwamba huko Masasi na Newala kazi ya mbali si ngeni. Korosho ilishawafundisha. Tangu msimu wa 2007/2008 mkoa wa Mtwara unauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa uzito, unaangaliwa daraja, anapewa risiti. Mzigo unaenda ghala kuu, unanadiwa, pesa inaingia benki. Mnunuzi hamjui mkulima kwa sura, wala haulizi aliamka saa ngapi. Anauliza kilo na daraja. Malipo yakichelewa, mkulima naye hakai kimya.

Kazi za kompyuta ziende hivyo hivyo. Jumatatu bosi na mfanyakazi waandikiane: kazi gani, ya ubora gani, ifike lini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ijumaa mzigo upimwe. Ukiwa umefika na ni daraja la kwanza, kamera izimwe. Haujafika? Bosi abane, ni haki yake.

Bando ni kitendea kazi kama kiti cha ofisini, ofisi ilipe. Muda nao una mpaka: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Mtu kuwa nyumbani si ruhusa ya kumtumia kazi saa nne usiku.

Mfanyakazi naye aseme mapema mambo yakiharibika, asisubiri kesho yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hizo, simu ya kawaida ya dakika moja inaokoa ajira.

Na familia zielewe. Newala shida ya maji ni ya miaka mingi, na dada huyo anaambiwa kila siku, "Si upo tu nyumbani? Kafuate maji." Hapana, jamani. Yuko kazini.

Sasa anafikiria kurudi Dar, kisa kamera. Akiondoka, mama anabaki na nani? Na bosi atampata wapi mtu wa kumfungia hesabu bila kosa?

Wadau, hapo nani anazingua?